Namna ya kumpokea nyumbani ndugu aliyetenda kosa akiwa mgonjwa wa akili, ili asilirudie

Mwongozo huu ni kwa familia ya Lubumbashi iliyoambiwa kwamba mtoto wake, ndugu yake au mkwe wake atatoka hospitali ya magonjwa ya akili juma lijalo, na ambayo inakumbuka vizuri kwamba alipelekwa huko baada ya kumpiga mtu, kuchoma nyumba au kushika panga mbele ya majirani. Nauandika nikiwa kaka mkubwa wa mtu wa namna hiyo. Mdogo wangu alimvunja mkono baba yetu mdogo kwa mchi wa kutwangia sombe, akiamini kwamba mzee yule ametumwa kumuua. Alitibiwa, akatoka, na baada ya miezi saba akamjeruhi jirani. Akatibiwa tena, akatoka tena, na huu ni mwaka wa sita hajainua mkono juu ya mtu yeyote. Dawa ya mara ya kwanza na ya mara ya pili ilikuwa ile ile. Tulichobadilisha ni jinsi ya kumpokea.

Je, atarudia?

Swali hili humkaa kila mtu moyoni, hata asiyelitamka, na limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Seena Fazel wa Chuo Kikuu cha Oxford walikusanya tafiti 35 kutoka nchi 10, zilizohusu wagonjwa 12,056 waliotoka katika hospitali za akili za kufungiwa, yaani zile zenye kuta, funguo na walinzi, ambako mahakama hupeleka watu waliotenda makosa wakiwa wagonjwa. Ukiwafuata wagonjwa 1,000 wa namna hiyo kwa mwaka mmoja, takriban 45 hurudia kosa la aina yoyote, takriban 72 hurudishwa hospitali, na takriban 15 hufariki, watatu kati yao kwa kujiua. Watafiti hao waliona kwamba kurudia kosa kwa wagonjwa hawa ni kwa nadra kuliko kwa makundi mengi ambayo watu huwalinganisha nayo, na wakasisitiza kwamba huduma zitazame zaidi vifo vyao vya mapema, hasa vya kujiua. Kwa hiyo mtu anayewaambia kwamba ndugu yenu ni simba aliyefunguliwa zizini anasema asichokijua.

Lakini namba hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu zinatoka mahali ambapo mgonjwa hatoki peke yake. Uingereza, kwa mfano, ina hospitali kama Broadmoor, iliyofunguliwa mwaka 1863, na sheria yake ya afya ya akili ya mwaka 1983 inaruhusu mgonjwa aliyewekewa vizuizi na mahakama atoke kwa masharti: akae kwenye anwani inayojulikana, aonwe na daktari na msimamizi wa ustawi wa jamii, na arudishwe hospitali kwa amri ya waziri hali yake ikiharibika. Ubelgiji nayo, kwa sheria ya tarehe 5 Mei 2014, huwaachilia wagonjwa wa aina hiyo kwa majaribio kwanza. Zile namba ni za ugonjwa pamoja na ufuatiliaji. Kwetu huku Katanga, kazi ya ufuatiliaji kwa sehemu kubwa inabaki kwa mama, kwa yaya, yaani kaka au dada mkubwa, na kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, na wakiifanya vibaya hakuna mwingine wa kuifanya.

Madaktari wanaopima hatari ya kurudia ukatili hutumia mara nyingi orodha iitwayo HCR-20, iliyotungwa Kanada na kutolewa upya mwaka 2013. Ina mambo 20: kumi ya historia ya mgonjwa, matano ya hali yake ya sasa, na matano ya siku zinazokuja. Kuijaza ni kazi ya wataalamu waliofunzwa, na familia isijaribu. Hata hivyo yale matano ya mwisho yanastahili kujulikana na kila mtu wa nyumbani, nayo ni mpango wa matibabu, mahali atakapoishi, watu watakaomsaidia, namna anavyoyapokea matibabu na usimamizi, na namna anavyohimili msukosuko. Historia haifutiki. Hayo matano, karibu yote, yako ndani ya uzio wa nyumba yetu, na sehemu zote zinazofuata za mwongozo huu zinayahusu.

Kabla hajatoka

Asiende mtu mmoja kumchukua. Waende wawili, na mmoja wao awe yule atakayeshika dawa. Mkifika, msiridhike kuambiwa kwamba amepata nafuu. Muulizeni daktari au muuguzi jina la ugonjwa, jina la kila dawa na kipimo chake cha asubuhi na cha jioni, tarehe ya sindano inayofuata ikiwa anachomwa sindano, siku ya kurudi kuonwa, na nambari ya simu mtakayopiga mambo yakiharibika. Ombeni yote yaandikwe kwenye karatasi yenye muhuri, kwa maana maneno ya mdomo yanabaki njiani.

Mara ya kwanza sisi hatukuuliza lolote. Mdogo wangu alikuwa amelazwa katika mji mwingine, nikaenda peke yangu, nikakabidhiwa mfuko mdogo wa plastiki wenye vidonge vya siku 14 bila jina la dawa, na mtu mmoja akasema akiwa tayari ameanza kugeuka, “Mtamrudisha akisumbua.” Nilishukuru na kuondoka. Siku ya 15 nilisimama mbele ya dirisha la farmasi moja katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, nikiwa na kidonge kimoja cheupe mkononi, nikimwomba muuzaji akitambue kwa macho. Hakuweza, na mimi sikuwa na nauli ya kurudi kule. Hivyo ndivyo matibabu yalivyokatika, na hakuna aliyekuwa ameamua yakatike.

Jambo jingine linalosahauliwa ni faili. Hospitali humtoa mgonjwa wodini, lakini haifungi kesi iliyoko parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, wala haifuti malalamiko ya mtu aliyeumizwa. Ulizeni parke, mkiwa na mwanasheria au mtu anayezijua ofisi hizo, kama faili imefungwa, kama mgonjwa ameachiwa kwa muda tu, na kama kuna siku anayotakiwa kufika mbele ya hakimu. Mgonjwa aliyetoka wodini akiwa mtulivu, kisha akakamatwa ghafla barabarani kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeifuatilia, anaweza kupelekwa gereza la Kasapa bila dawa yake, na kazi ya miezi mingi ikaharibika ndani ya siku chache. Wekeni nakala ya barua ya daktari pamoja na kitambulisho chake, na nakala nyingine kwa shefu wa avenyu, ikiwa ni mtu mwenye kutunza siri.

Karatasi ya ukutani

Kazi iliyotusaidia kuliko zote tuliifanya kwa kalamu. Ugonjwa wa akili unaporudi hauji kila siku na sura mpya. Kwa mtu mmoja hurudi mara nyingi kwa njia ile ile, na anayeijua njia hiyo anaweza kuuona ungali mbali. Kwa hiyo, katika siku za kwanza za utulivu, kaeni na mgonjwa mwenyewe, mkiwa wawili au watatu tu, mumwombe asimulie majuma yaliyotangulia kosa. Msimhoji kama polisi. Mwambieni kwamba mnataka kujifunza ili mumsaidie mapema.

Tulikaa chini ya mwembe, mimi, mama na yeye. Alinyamaza muda mrefu, akichora mavumbini kwa kijiti, kisha akasema, “Yaya, redio ilikuwa inataja jina langu. Nilikuwa naifunika kwa kitambaa ili mama asisikie.” Mama akakumbuka kitambaa. Alikuwa amekiona juu ya redio karibu majuma matatu kabla ya siku ile, akadhani kijana anaikinga na vumbi. Tukaendelea kuulizana, na mambo yakajipanga yenyewe: kwanza aliacha kulala usiku, akawa anatembea uani hadi alfajiri, kisha akafunika redio, kisha akakataa chakula kilichopikwa na mke wa baba mdogo, akasema kina harufu ya dawa, na siku mbili kabla ya kumpiga alianza kukaa mlangoni akiwa na kitu mkononi. Majuma matatu ya alama, na sisi tulikuwa tukimwita mvivu kwa sababu alikuwa analala mchana.

Andikeni alama hizo kwa maneno ya nyumbani kwenu, zikiwa zimegawanywa katika zile za mwanzo, ambazo maana yake ni kumpeleka akaonwe ndani ya siku mbili, na zile za hatari, ambazo maana yake ni kutoka saa hiyo hiyo. Chini yake andikeni majina ya dawa, tarehe ya sindano, na majina ya watu watatu wa kuitwa kwa zamu. Karatasi ibandikwe pale ambapo yeye mwenyewe anaiona. Yetu iko nyuma ya mlango wa chumba cha mama, na mgonjwa ndiye aliyeiandika kwa mkono wake. Yeye pia ndiye aliyeitumia kwanza: mwaka wa pili alikuja kuniamsha usiku, akasema, “Yaya, sijalala siku tatu, iko kwenye karatasi.”

Dawa

Nyingi ya dawa wanazopewa wagonjwa hawa ni za zamani na bei yake si kubwa sana, kama haloperidoli, klopromazini, na flufenazini ya sindano. Zinanyamazisha sauti na hofu, lakini haziung’oi ugonjwa kwa mizizi yake, na hapo ndipo familia nyingi hupotea: mgonjwa akishapona machoni pa watu, wanaona dawa imemaliza kazi. Ugonjwa unaweza kukaa kimya kwa majuma au miezi baada ya dawa kuachwa, hivyo kwamba siku unaporudi hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Uamuzi wa kupunguza au kuacha ni wa daktari, na hufanywa polepole.

Mgonjwa naye huwa na sababu zake za kukataa, na sababu hizo zisikilizwe. Haloperidoli inaweza kukaza shingo, kuufanya ulimi kuwa mzito, kutetemesha mikono, au kuleta hali ya miguu kutotulia ambayo humfanya mtu atembee huku na huku hadi watu waseme wazimu umerudi. Mambo hayo yana tiba: daktari hupunguza kipimo, hubadilisha dawa, au huongeza ya kulegeza misuli. Mkimlazimisha kumeza bila kumsikiliza, atajifunza kuficha kidonge shavuni na kukitema nyuma ya choo. Kuna hali moja isiyongoja hata saa chache, nayo ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa; mtu huyo apelekwe hospitali mara moja, na anayempokea aambiwe wazi ni dawa gani anazotumia.

Kama daktari anakubali, ombeni sindano ya muda mrefu, ambayo kwa kawaida huchomwa kila majuma mawili hadi manne. Ilituondolea ugomvi wa kila asubuhi, kwa sababu hakukuwa tena na kidonge cha kupigania, na siku akikosa sindano kila mtu hujua tarehe iliyopita. Kwa wanaotumia vidonge, mmoja wa watu wa nyumbani ashike kopo, na mgonjwa ameze mbele yake kwa maji na chakula, bila maneno makali. Nunueni dawa inayofuata wakati iliyopo imebaki ya siku kumi, si siku inapoisha, na msinunue kwa wachuuzi wa barabarani, ambao vidonge vyao vimekaa juani na havina jina. Gharama ya dawa iingie katika hesabu ya mwezi kama unga na makala ya kupikia. Sisi ndugu wanne tuligawana, kila mmoja robo, na anayeshindwa mwezi huu hulipa mara mbili mwezi ujao.

Lutuku na bangi

Hapa nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lenyewe ni wazi. Katika miaka ya 1990, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MacArthur uliwafuata kwa mwaka mmoja wagonjwa zaidi ya 1,000 waliotoka hospitali za akili za kawaida katika miji mitatu. Kati ya wagonjwa wenye maradhi makubwa ya akili wasiotumia vibaya pombe wala dawa za kulevya, takriban 18 katika 100 walifanya ukatili katika mwaka huo. Kati ya wale waliotumia, walikuwa takriban 31. Na huko Pittsburgh, ambako majirani nao walichunguzwa, wagonjwa wasiotumia vileo hawakuwa wakatili kuliko majirani wao wasiotumia.

Kumkataza tu hakutoshi. Angalieni ni wapi anapokunywa na nani anampa. Kwa vijana wetu mara nyingi ni kilioni, ambako lutuku, pombe kali ya kienyeji, huzunguka usiku kucha na hakuna anayehesabu vikombe, au ni kwa rafiki wa zamani anayemkaribisha bangi kwa nia ya kumfurahisha. Mdogo wangu huenda kilioni mchana, akasaidia kupanga viti, akarudi nyumbani kabla ya giza. Tulizungumza pia na wale marafiki wawili, kwa heshima, mbele ya baba mdogo mwenye mkono uliovunjika. Mmoja alielewa. Mwingine tulimwomba asifike kwetu.

Nyumba, na mtu aliyeumizwa

Utafiti ule ule wa MacArthur ulionyesha kwamba wanaoumizwa mara nyingi ni ndugu na watu wa karibu, na kwamba mara nyingi hutokea nyumbani. Mpita njia sokoni, ambaye ndiye hasa anayemwogopa mgonjwa, hayuko katika hatari kubwa. Aliye karibu na hatari ni mama anayelala chumba kimoja naye, anayemlazimisha kula, anayemzuia kutoka. Kwa hiyo swali la atalala wapi lijibiwe kabla hajafika, na lisijibiwe kwa huruma peke yake.

Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa kwamba asikae uwanja mmoja na mtu ambaye ugonjwa ulimfanya amwone adui. Mara ya kwanza tulimrudisha palepale, chumba cha tatu kutoka kwa baba mdogo, kwa sababu ndiyo nyumba ya ukoo, na kwa sababu tuliona aibu kusema wazi kwamba mzee anaogopa. Mara ya pili alikaa kwangu, Katuba, mwaka mzima. Kama hakuna nyumba nyingine, tenganisheni milango na saa za kula, na mchi, panga, jembe na shoka vifungiwe usiku kama vinavyofungiwa katika nyumba yenye watoto, bila kelele na bila kumwonyesha kidole.

Ya pili ni ulimi. Mwaka 1972 George Brown na wenzake walichapisha utafiti wa London juu ya wagonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, waliorudi nyumbani. Katika familia zenye lawama nyingi, chuki, au kumwandama mgonjwa kupita kiasi, 58 katika 100 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Katika familia tulivu walikuwa 16. Mimi niliposikia hayo nilijiona. Nilikuwa na desturi ya kumkumbusha kosa lake kila alipochelewa kufagia: “Umemvunja mzee mkono, na hata ufagio unakushinda?” Neno hilo halikuwahi kumsaidia hata siku moja. Semeni jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya kawaida, juu ya tendo la leo. Tena msimkalie siku nzima. Mpeni na yeye nafasi ya kuwa peke yake, na ninyi mpumzike kidogo.

Ya tatu ni yule aliyeumizwa, ambaye katika mambo haya yote husahauliwa kabisa. Apelekewe habari kabla mgonjwa hajatoka, na apelekewe na mtu mzima anayemheshimu. Asiulizwe kwanza kama amesamehe. Aulizwe anaogopa nini, na anataka nini ili alale usingizi. Baba mdogo alitaka mambo mawili: alipwe fedha za mfupa wake, na asikutane na kijana bila mtu wa tatu. Tulilipa kwa miezi minane. Mkutano wao wa kwanza ulikuwa kwangu, mbele ya bukari na samaki, na mzee alikaa karibu na mlango. Walizungumza habari za mpira. Alipoondoka, mdogo wangu alimsindikiza hadi barabarani akiwa amemshikia mwavuli, nami nikifuata nyuma yao hatua kumi, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Chumba cha maombi

Mimi ni mtu wa kusali, na sitamwambia yeyote aache kumwombea mgonjwa wake. Ninachokataa ni mambo matatu yanayofanyika katika baadhi ya nyumba za maombi: kumwamuru mgonjwa atupe dawa ili kuonyesha imani, kumfungisha siku nyingi bila chakula wala maji, na kumfunga kwa mnyororo au kumchapa ili pepo atoke. Njaa, kukosa usingizi na hofu huuchochea ugonjwa, na mtu anayefungwa kwa mnyororo hujifunza kwamba kweli watu wanataka kumdhuru, jambo ambalo ugonjwa ulikuwa unamnong’oneza tangu mwanzo. Kituo cha akili kinachojulikana hapa Lubumbashi, kinachoendeshwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité, kimepewa jina la Joseph Guislain, daktari wa Gent nchini Ubelgiji wa karne ya 19, ambaye alikuwa miongoni mwa waliopigania wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Kama hata mabruda, ambao ni watu wa sala, hutibu kwa dawa, mchungaji naye anaweza kuelewa. Nendeni kwake na karatasi ya daktari, mumwombe aombe huku dawa ikiendelea. Wetu alikubali, na sasa ndiye anayeuliza kila mwezi kama sindano imechomwa.

Alama za hatari zikionekana

Watoto na wazee watoke kwanza, kimyakimya. Azungumze mtu mmoja tu, yule ambaye mgonjwa humwamini, asimame mbali kidogo na upande, asimzibie mlango, kwa sababu mtu mwenye hofu akiona njia imefungwa huipasua. Sauti iwe ya chini. Msibishane naye kama sauti zipo au hazipo, na msikubali pia kwamba mnazisikia, mwambieni, “Naona unaogopa, mimi sitakudhuru, twende tukaonwe.” Zimeni redio, waondoeni watazamaji. Kama ana kitu cha kujeruhi mkononi, msimvamie. Tokeni, fungeni lango, waiteni watu wale watatu wa kwenye karatasi.

Polisi wakilazimika kuitwa, aende mtu kuwapokea barabarani akiwa na barua ya daktari, awaeleze kabla hawajaingia kwamba huyu ni mgonjwa anayetibiwa mahali fulani, na aombe apelekwe hospitali. Na shefu wa avenyu aitwe mapema kwa sababu nyingine: umati. Majirani waliojaa hofu wakianza kuokota mawe, sauti ya ndugu haiwatulizi, lakini ya shefu huweza. Usiku ule wa kosa la pili ni yeye, akiwa na kandambili na tochi, aliyesimama kati ya mdogo wangu na vijana wa mtaa hadi gari lilipopatikana.

Hatari inayomkabili yeye mwenyewe

Rudieni zile namba za mwanzo: watatu katika kila 1,000 kwa mwaka hujiua. Wanaojua kazi hii wanasema kipindi kibaya zaidi ni majuma ya kwanza baada ya kutoka, na sababu mojawapo ni kwamba akili inaporudi, kumbukumbu nayo hurudi. Mtu huamka asubuhi na kuelewa alichomtendea baba yake mdogo. Familia hufurahi kwamba amekuwa mtulivu, kumbe ukimya wenyewe ni mzigo.

Muulizeni waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpi wazo. Humpa mtu wa kuzungumza naye. Akijibu ndiyo, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake hata kidogo, vidonge, kamba na sumu ya panya viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala kulazwa tena kusihesabiwe kuwa aibu. Mdogo wangu amelazwa mara moja katika miaka hii sita, kwa siku 11, usiku ule aliponiamsha kwa sababu ya karatasi. Alirudi, na hakuna mtu aliyeumia.

Majuma 20

Watafiti wa MacArthur waliona kwamba ukatili ulikuwa mwingi zaidi katika majuma 20 ya kwanza baada ya kutoka. Kwa hiyo hesabuni majuma 20 kwenye kalenda, na kila Jumapili ya kipindi hicho watu watatu wa karatasi wakutane na mgonjwa kwa nusu saa, waulize usingizi, dawa, pombe, fedha, na kama kuna ugomvi uliobaki. Mpeni kazi ndogo yenye saa maalumu tangu juma la pili, hata kama ni kuchota maji na kumwagilia mboga, kwa sababu siku isiyo na kitu humrudisha kwenye mawazo yake, na mfukoni mwake pawe na fedha kidogo alizozipata mwenyewe. Baada ya hapo mkutano unaweza kuwa wa mara moja kwa mwezi, siku ya sindano. Wetu bado unaendelea. Huwa tunakutana kwa mama, karatasi inashushwa kutoka nyuma ya mlango, mdogo wangu anaandika tarehe ya leo na tarehe ijayo, na baba mdogo, ambaye mkono wake haujanyooka vizuri, ndiye anayeirudisha mahali pake.